Pamba Yetu na Viwanda Vyake: Kutoka Ntuzu hadi Mwatex

Kamati ya kutayarisha kitabu hiki cha miaka kumi iliamua kuwa lazima kiwe na makala moja ya historia. Historia ya kikundi chenyewe imo katika hotuba ya Mwenyekiti na taarifa ya Mweka Hazina, hivyo sitairudia. Mimi niliombwa niandike historia ya kiwanda cha nguo. Mwenzetu mmoja akauliza pale pale kikaoni, "Kiwanda gani tena, Somanda hii?" Wanachama wakacheka, na kweli swali lilistahili kuchekewa. Somanda haina kiwanda cha nguo. Lakini viwanda vya nguo vimekula pamba ya hapa kwa miaka mingi, na mikono iliyoipalilia na kuichuma pamba hiyo ni mikono ya mama zetu, ya bibi zetu, na yetu sisi wenyewe. Kwa hiyo historia hiyo tunayo haki nayo.

Iko sababu ya pili. Wanachama wote mnajua kuwa katika mkutano mkuu ujao tutajadili hoja ya kutoa sehemu ya akiba yetu ili tununue mashine ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Fedha hiyo si ya mfadhili. Ni ya hisa tulizoweka moja moja kila wiki. Basi kabla hatujanyoosha mikono kukubali au kukataa, ni vizuri tujue waliotutangulia katika mambo ya viwanda vya pamba walifanya nini na kiliwapata nini.

Kabla ya pamba ya biashara

Nguo zilifika kwetu kabla ya pamba ya biashara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilileta merikani, yaani kitambaa kisichotiwa rangi kilichofumwa Marekani, na hata jina lake linasema kimetoka wapi. Ikaja kaniki, ile nguo nyeusi yenye ubuluu ambayo Wasukuma wameipenda hadi ikawa kama vazi letu la asili. Wachezaji wa ngoma hadi leo huivaa. Kumbe kaniki ya kwanza ilitoka India, imetiwa rangi ya nili kule kule. Nilipolisema hili kwenye kikao wazee wawili walikataa katakata. Lakini ndivyo ilivyo.

Wajerumani walileta kilimo cha pamba ya kuuza mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakakiendeleza baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kilichoisukuma pamba kwa nguvu katika Usukuma ni mambo mawili. La kwanza ni reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928. Kwa watu wa Ntuzu, Kanadi na Itilima, ambao wakati huo walikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, stesheni ya karibu ilikuwa Malampaka, na mpaka leo wazee wakitaja Malampaka wanamaanisha magunia na malori. La pili ni kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichoanza kazi katika miaka ya 1930. Wataalamu wa pale walitafuta mbegu ambayo majani yake yana vinyoya vingi ili chawajani asiweze kuyafyonza. Ndiyo maana mbegu tulizopanda miaka yote ziliitwa UK77, UK82, UK91. Zile herufi mbili ni za Ukiriguru, si za Uingereza kama wengi wanavyodhani.

Hapo niseme kidogo juu ya kinu, kwa ajili ya vijana waliokulia mjini. Pamba inayotoka shambani inaitwa pamba mbegu. Haiwezi kwenda kiwanda cha nguo ikiwa hivyo. Lazima kwanza ipite kwenye kinu cha kuchambua, mahali ambapo magurudumu huvuta nyuzi na kuziacha mbegu upande wa pili. Ukipeleka kilo 100 za pamba mbegu, unapata nyuzi kiasi cha kilo 35, na zilizobaki karibu zote ni mbegu. Nyuzi hushindiliwa kuwa robota, na robota moja ni kama kilo 180. Mkumbuke hesabu hii, maana tutairudia: karibu theluthi mbili ya mzigo tunaoutoa shambani ni mbegu. Nguo imefichwa katika theluthi moja tu.

Wenye vinu katika zama za Mwingereza walikuwa hasa wafanyabiashara wa Kihindi. Wao ndio walionunua, wao ndio waliopima, na wao ndio waliosema hii ni pamba safi na hii ni fifi. Mkulima alikuwa hajui kusoma mizani. Akitoka na mzigo aliobebwa na punda wawili, akaambiwa ni ratili kadhaa, atabisha kwa kitu gani? Robota zikaenda Malampaka au Mwanza, kutoka hapo Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam zikapanda meli kwenda Bombay na Lancashire. Baadaye nguo ikarudi dukani Bariadi, na yule yule mkulima akaipata kwa bei ambayo hakuipanga yeye.

Mizani ndiyo iliyoanzisha ushirika

Watu husema ushirika wa Usukuma ulianzishwa na wasomi. Wasomi walikuwemo, lakini ulianza kwa ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia. Mtu mmoja tu, kijana anayejua tarakimu, anasimama pembeni ya mizani ya mnunuzi na kusoma kwa sauti. Kazi ndogo hiyo ilibadilisha mambo. Chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa kikapata nguvu, na Paul Bomani akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1955 vyama vya msingi na vyama vikuu vikaungana katika shirikisho la Victoria, ambalo kwa Kiingereza lilijulikana kwa herufi VFCU. Kufikia mwaka 1959 shirikisho hilo lilikuwa linashughulikia pamba yote ya kanda hii. Halafu likaanza kununua vinu vyenyewe. Bomani baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha wa nchi nzima, na watu wakasema mpimaji wetu sasa anapima hazina.

Lazima tuseme pia kwamba fedha ya mkulima haikuishia mfukoni mwake. Tangu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilimlipa mkulima chini ya bei ya soko la dunia na kuiweka ile tofauti kwenye mfuko, eti wa kumsaidia bei ikianguka. Mwaka 1952 ikaundwa bodi ya kuuza pamba na mbegu zake. Mifuko hiyo ilijenga barabara, mabwawa na mambo mengine ya maendeleo, nami sitaki kusema ilipotea yote. Nasema tu kuwa hakuna aliyemwuliza mkulima, na mkulima mwanamke ndiyo kabisa hakuulizwa, kwa kuwa jina lake halikuwemo kitabuni.

Hapo naomba nisimame kidogo. Kadi ya chama cha msingi iliandikwa jina la mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya alikuwa baba. Kupanda ni wote, kupalilia ni mama na watoto, kuchuma ni mama na watoto, kuchagua safi na fifi ni mama, tena usiku kwa kibatari. Siku ya kwenda mizanini anakwenda baba. Malipo ya pili yakija miezi kadhaa baadaye, anaitwa baba. Wapo akina baba waliorudi na kanga, sukari na karo ya watoto, na Mungu awabariki. Wapo waliorudi na baiskeli mpya. Na wapo waliorudi na mke wa pili, maana kwetu msimu wa pamba ulikuwa pia msimu wa harusi. Bibi mmoja wa kikundi chetu husema yeye amewahi kupalilia mahari ya mke mwenzie. Anasema huku anacheka, lakini wanaomsikiliza hawacheki sana.

Mwatex

Sasa tufike kwenye kiwanda. Uhuru ulipopatikana nchi yetu ilikuwa inauza karibu nyuzi zake zote nje na kununua nguo kutoka nje. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kauli ya kujitegemea iliposhika kasi, jambo hilo likaonekana aibu. Viwanda viwili vikubwa vikaanza kazi karibu wakati mmoja. Kimoja ni Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Cha pili ni Mwatex, Mwanza, kilichojengwa kwa utaalamu kutoka Ufaransa. Wachumi wameandika sana juu ya viwanda hivi viwili kwa sababu vilifanya kazi ile ile kwa njia mbili tofauti. Urafiki ilitumia mikono mingi. Mwatex ilitumia mitambo inayojiendesha zaidi, yenye wafanyakazi wachache na vipuri vya gharama. Wakati ule mitambo ya kisasa ilionekana ndiyo maendeleo. Miaka kumi na tano baadaye, vipuri vilipokosa fedha za kigeni, ikaonekana kuwa mikono haihitaji kipuri kutoka Ulaya.

Kwa watu wa huku Mwatex ilikuwa fahari. Robota iliyochambuliwa Usukuma sasa iliingia mlango mmoja pale Mwanza na kutoka mlango mwingine ikiwa kanga, kitenge, shuka na kitambaa cha sare za shule.

Wengi wanadhani kiwanda cha nguo ni cherehani kubwa. Sivyo. Nusu ya kwanza ni kazi ya nyuzi: kufungua robota, kuchana, kusokota, kufuma. Nusu ya pili ni kazi ya kemikali, na hiyo ndiyo iliyo ghali. Nyuzi kabla ya kufumwa hupakwa uji wa wanga ili zisikatike. Kitambaa kikishafumwa, ule wanga lazima utolewe. Kisha huchemshwa na kostiki, yaani yale magadi makali ambayo sisi tunayatumia kwenye sabuni na batiki, ili kuondoa nta ya asili ya pamba, kwa kuwa pamba ikiwa na nta yake haishiki maji wala rangi. Halafu hufanywa nyeupe kwa dawa ya klorini au peroksaidi. Baada ya hapo ndipo rangi, na baada ya rangi ni kuosha tena na tena. Mama aliyewahi kutia rangi batiki uani kwake anajua maji yanayotumika kwa kipande kimoja. Sasa zidisha kwa maelfu ya mita kwa siku. Maji hayo yenye kostiki na rangi ni lazima yaende mahali, na viwanda vya Mwanza na Musoma viko kando ya ziwa ambalo watu wanakunywa maji yake na kula samaki wake.

Na vumbi. Wanaofanya kazi kwenye vyumba vya kufungulia robota na kuchana pamba huvuta vumbi la pamba, na ugonjwa wake unajulikana kwa madaktari tangu zamani: kifua kinabana zaidi siku ya Jumatatu, mfanyakazi akirudi kazini baada ya mapumziko. Miaka ikizidi kinabana siku zote.

Mwaka 1973 bodi ya zamani ikapisha Mamlaka ya Pamba, na viwanda vya nguo vya umma vikawekwa chini ya shirika moja la taifa, TEXCO. Viwanda vikaongezeka. Mutex ikajengwa Musoma, na vingine Tabora, Morogoro na Mbeya. Kumbe wakati viwanda vinaongezeka, pamba ilikuwa inapungua. Shirikisho la Victoria lilikwisha kuvunjwa baada ya uchunguzi wa serikali wa mwaka 1966 na mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vyote nchini. Lile shirika ambalo lilianza kwa kijana mmoja kusoma mizani likaondoka kwa tangazo. Wakulima wakauza kwa Mamlaka kupitia vijiji, malipo yakachelewa, bei ikawa ndogo, na watu wakarudi kwenye mahindi, mtama na dengu. Huwezi kumlaumu mtu kwa kuacha kulima kitu asicholipwa.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Hapo ndipo kiwanda kilipojua kuwa pamba peke yake haifanyi nguo. Rangi zilitoka nje. Kostiki ilitoka nje. Vipuri vilitoka nje. Umeme ulikatika. Viwanda vya nguo vikawa vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Wanachama waliozaliwa kabla ya 1975 wanakumbuka foleni za duka la kaya, kanga ya mgawo, na msako wa walanguzi wa mwaka 1983. Wazee husimulia kuwa wapo waliovaa magunia. Yaani katika Usukuma, kwenye ghala la pamba la nchi nzima, mtu hana nguo ya kuvaa!

Vyama vikuu vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kwetu, tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, ikaundwa SHIRECU. Mwaka 1984 biashara ya kuingiza bidhaa ikalegezwa, na mitumba ikaanza kujaa. Sitawalaani mitumba. Nimevaa, na watoto wangu wamevaa, na nusu ya wanachama wetu wamesomesha watoto kwa kuuza mitumba gulioni. Lakini Mwatex, yenye mitambo iliyochakaa na madeni, haikuweza kushindana na shati lililokuja kwa bei ya kutupwa. Katika miaka ya 1990 ikasimama, kama Mutex na vingine vingi, na viwanda vya umma vikawekwa kwenye orodha ya kuuzwa. Urafiki ikaingia ubia na Wachina mwaka 1997, wao wakiwa na asilimia 51 na serikali yetu 49. Mwatex ikapata mwenye mali mpya na jina lake likaongezwa mwaka: Mwatex (2001).

Dawa ya pamba

Kuna kemikali nyingine ambayo haikukaa kiwandani, ikaja mpaka jikoni. Ni dawa ya kupulizia. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya pamba yalipuliziwa DDT na endosulfani, ambayo wengi waliijua kwa jina la Thiodan. Zilifanya kazi yake, funza walikufa. Lakini mpuliziaji hakupewa glovu wala barakoa, na chombo tupu kilipobaki nyumbani hakuna aliyekitupa, kwa sababu chombo chenye kifuniko kizuri ni mali. Kikatiwa mafuta ya taa. Kikatiwa maziwa. Nani alikiosha? Ni sisi. DDT imezuiwa kwenye kilimo kwa mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001, na endosulfani ikaongezwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2011. Dawa nyingine zimekuja mahali pake, na ushauri wangu kwa kila mwanachama ni ule ule: chombo cha dawa kitobolewe kabla ya mtu mwenye tamaa ya dumu hajakiona.

Jirani zetu wa Meatu walishika njia nyingine. Tangu mwaka 1994 kampuni ya Uswisi, Remei, kupitia bioRe, imekuwa ikinunua kule pamba isiyopuliziwa dawa za viwandani. Mkulima hutumia samadi, hubadilisha mazao, hupanda alizeti kando ya pamba ili wadudu wavutwe huko, na hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Mavuno kwa eka si makubwa sana, lakini mkulima hadaiwi dawa.

Soko huria na baada yake

Mwaka 1994 huo huo biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi. Mwanzoni ilikuwa sherehe: wanunuzi wengi, fedha mkononi, hakuna kungoja malipo ya pili. Vinu vipya vikajengwa, na hapa Bariadi kikapatikana kinu cha Alliance pale Kasoli. Lakini ushindani ulikuwa wa kilo, si wa ubora. Safi na fifi zikatiwa gunia moja. Na sisi wakulima, tusijifanye malaika, tukajifunza kutia mchanga na maji ili gunia lipate uzito. Zamani mnunuzi ndiye aliyeiba kwenye mizani. Safari hii tuliiba pande zote mbili, na jina la pamba ya Tanzania likaharibika kwa wanunuzi wa nje.

Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna tani zaidi ya 370,000 za pamba mbegu, rekodi iliyosifiwa kila mahali. Miaka iliyofuata ikapanda na kushuka. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Simiyu wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na tangu hapo mkoa wetu ndio unaotajwa kwanza pamba ikitajwa. Mwaka 2018 serikali ikaagiza pamba yote ipitie vyama vya msingi, yaani AMCOS, ambavyo ni ushirika uliorudi kwa jina jingine. Msimu wa 2019 ukafunguliwa Mei kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, kumbe bei ya dunia ilikuwa inaanguka. Wanunuzi wakasita. Pamba ikalala kwenye maghala na wakulima wakangoja fedha zao kwa miezi. Mwaka ule kikundi kilijua maana ya sanduku: mikopo ya karo na ya matibabu iliyoombwa ilikuwa mingi kuliko fedha iliyokuwemo, na ilibidi kamati ikae mpaka usiku kuamua nani aanze.

Lakini nyuzi bado zinaondoka. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa robota, kama wakati wa bibi zetu.

Juu ya hoja ya mashine

Turudi kwenye ile theluthi mbili. Kufuma nguo hatuwezi, hilo lisitupotezee muda. Mtaji wake umewashinda wenye mabilioni. Lakini mbegu iko hapa hapa, mafuta yanatumika kila nyumba, na mashudu yananunuliwa na wafugaji. Ndiyo hoja, na kwa haki ni hoja nzuri. Nataka tu yaliyoiua Mwatex yaulizwe kwanza.

Mbegu ya pamba ina mafuta yasiyozidi sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na mashine ndogo haiwezi kuyatoa yote. Mafuta yanayotoka ni meusi meusi, na yana sumu ya asili inayoitwa gosipoli. Ili yafae kupikia ni lazima yasafishwe kwa kostiki. Kwa hiyo anayetuuzia mashine ya kukamua peke yake ametuuzia nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ile ile ya kemikali, tena ya vipimo, si ya kukisia kwa kijiko. Mashudu ng'ombe mkubwa anakula bila shida, lakini kuku na nguruwe yatawadhuru yakizidi, na wanachama wafugao kuku walijue hilo mapema. Alizeti haina matatizo haya, inakubali udongo wetu, na mashine nyingi za kukamua zinaweza kukamua zote mbili zikirekebishwa. Aliyeleta hoja atuambie kama ya kwake inaweza.

Pili, mbegu hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu wakati vinu vinafanya kazi, miezi michache tu baada ya Juni. Anayetaka kukamua mwaka mzima ni lazima awe na fedha ya kununua mbegu ya mwaka mzima kwa mkupuo. Tukimaliza akiba yote kwenye mashine, tutanunua mbegu kwa nini? Viwanda vyetu vya umma vilikuwa na mitambo mikubwa na havikuwa na fedha ya kuendeshea. Kamati ilete bajeti mbili, ya mashine na ya mbegu, si moja. Ilete pia bei ya vipuri na jina la fundi aliye Bariadi, si aliye Mwanza, na bili ya umeme ya mwezi ya mtu mwenye mashine kama hiyo.

Tatu ni mizani. Tutanunua mbegu kwa kilo na kuuza mashudu kwa kilo. Wateuliwe wapimaji wawili, na kila siku mwanachama wa tatu asome kwa sauti, kama tunavyofanya kwenye sanduku, ambapo funguo tatu ziko kwa watu watatu na fedha inahesabiwa mbele ya wote.

Na stakabadhi ya mashine, kama tutakubaliana kununua, iandikwe jina la kikundi. Isiandikwe jina la mume wa mtu, hata kama ndiye atakayetusaidia usafiri wa kwenda kuichukua.